Bonde la Kilombero limejaa kani kila kona, wanafunzi bado wanakariri

*Mtoto wa Ifakara husukuma baiskeli ya mpunga, hupanda mtumbwi na kusikia treni ya TAZARA ikipanda mlima. Akiingia darasani, somo la kani na mwendo humfikia kama maneno ya kunakili ubaoni.*

IFAKARA. Msimu wa mavuno ya mpunga ukifika, barabara za vumbi zinazoingia Kibaoni hujaa baiskeli zenye gunia juu ya keria. Mwenye mzigo hapandi, anasukuma. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umekaza gunia, mwili wote umeinama mbele. Akiona mchanga mbele yake anaongeza mwendo kabla hajauingia, maana anajua akiuingia taratibu atakwama, na baiskeli iliyosimama ni kazi kubwa kuianzisha kuliko kuendeleza inayotembea.

Nyuma yake, mara nyingi, yupo mtoto wa darasa la sita au la saba, mabega yamegandamana na gunia. Mtoto huyo ameshajua kwa misuli yake mambo ambayo wataalamu walihitaji karne nyingi kuyaweka sawa: kwamba kitu kilichotulia hukataa kuondoka, kwamba mchanga una msuguano mkubwa kuliko udongo ulioshindiliwa, kwamba magunia mawili hayasukumiki kama gunia moja.

Jumatatu atakaa darasani na kuandika kwamba kani ni uwezo wa kusukuma au kuvuta. Atachora mshale, atapiga mstari chini ya kichwa cha habari, na kengele italia. Ni nadra mtu kumuuliza habari za gunia la juzi.

Somo linapoanzia

Nchini Tanzania, mtoto hukutana na kani, msuguano na mashine rahisi akiwa shule ya msingi, kwa Kiswahili. Hapo ndipo anaposikia habari za wenzo, kapi, kabari na mteremko. Akivuka kwenda kidato cha kwanza, mambo hayohayo yanarudi yakiwa yamevaa nguo ya fizikia: kani, kisha kanuni ya Archimedes na kuelea kwa vitu. Kwa muhtasari uliotumika kwa miaka mingi, kidato cha pili kilileta mashine rahisi, mwendo katika mstari mnyoofu na kanuni tatu za Isaac Newton, alizozichapisha mwaka 1687.

Miaka hiyo, mtoto akiwa na umri wa kati ya 11 na 15, ndiyo inayoamua kama atalipenda somo au atalikimbia. Na ndiyo miaka ambayo lugha ya kufundishia inabadilika. Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya shule ya msingi mwaka 1967, wakati wa sera ya Elimu ya Kujitegemea. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kiendelee hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo mtoto wa Mlimba au Mang'ula anakabidhiwa kwa wakati mmoja fizikia na Kiingereza, na mwalimu hawezi kujua mara moja ni kipi kati ya hivyo viwili kimemshinda.

Maabara nazo zina historia yake. Shule za kata ziliongezeka kwa kasi kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na nyingi zilifunguliwa zikiwa na madarasa tu. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu za sayansi, na wananchi wakachangishwa nchi nzima. Majengo mengi yalisimama. Lakini jengo si vifaa, na vifaa si mazoea ya kuvitumia.

Kasoro ya kufundisha kwa maneno matupu haiko Kilombero peke yake, wala Tanzania peke yake. Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake wa Marekani alichapisha uchambuzi wa wanafunzi zaidi ya 6,000 waliosoma kani na mwendo. Waliofundishwa kwa mihadhara walipiga hatua ndogo katika kuelewa. Waliotabiri, wakajaribu na kubishana darasani walipiga hatua karibu mara mbili ya wenzao. Mwanafunzi anaweza kukokotoa majibu sahihi bila kuelewa. Wengi bado huamini kwamba kitu kinachotembea lazima kiwe kinasukumwa muda wote, na kwamba kitu kilichotulia hakina kani yoyote juu yake.

Mtoto wa Ifakara naye anaamini hivyo, na ana sababu. Baiskeli ukiacha kuisukuma inasimama. Asipoonyeshwa kwamba kinachoisimamisha ni kani nyingine, yaani msuguano, kanuni ya kwanza ya Newton kwake itabaki kuwa maneno ya mtihani.

> Aliyesukuma gunia la mpunga kwenye mchanga ameshakutana na msuguano. Kazi ya shule ni kumpa njia ya kuupima.

Mwanzi, gololi na ngoma

Galileo Galilei hakuwa na saa ya sekunde. Alipotaka kujua kitu kinachoporomoka huongeza mwendo kwa kiasi gani, aliviringisha mpira kwenye mfereji wa mbao ulioinamishwa kidogo, akapima muda kwa maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye chombo. Matokeo aliyachapisha mwaka 1638. Kifaa chake kinaweza kutengenezwa leo kwenye uwanja wa shule yoyote ya bondeni, kwa mwanzi.

Chukua mwanzi mnyoofu wenye urefu wa meta mbili na nusu, upasue katikati, na vunja vizuizi vya ndani kwenye kila kifundo. Hapo pana kazi ya kisu na msasa, kwa sababu kifundo kisiposawazishwa gololi itaruka na jaribio litaharibika. Ukiuweka chini na kuinua ncha moja kwa kitabu chembamba, kama sentimita tano hivi, gololi itashuka polepole kiasi cha jicho kuifuata: takriban sekunde sita kutoka juu hadi chini.

Sasa weka alama za chaki sentimita 25, 100 na 225 kutoka mahali gololi inapoachiwa. Mwanafunzi mmoja apige ngoma, au dumu, kwa mapigo yaliyo sawa. Mwingine aachie gololi kwenye pigo. Rekebisha kitabu kidogo kidogo mpaka gololi ipite alama ya kwanza kwenye pigo linalofuata. Ikifanikiwa, itapita alama ya pili kwenye pigo la pili na alama ya tatu kwenye pigo la tatu.

Darasa likitazama namba hizo litaona jambo lenyewe. Muda umekwenda moja, mbili, tatu; umbali umekwenda moja, nne, tisa. Huo ndio mchapuko, na mtoto ameusikia kwa sikio kabla ya kukutana na fomula yake. Akiiona ubaoni baadaye, herufi zake zitakuwa na kitu cha kushika.

Kabla ya kuachia gololi, kila kikundi kiandike kinachotarajia kutokea. Huu si urembo wa somo. Mtoto asiyetabiri huangalia jaribio, hufurahi, na huondoka na imani ileile aliyokuja nayo. Aliyeandika kwamba gololi kubwa itashuka haraka kuliko ndogo, halafu akaziona zikifika karibu pamoja, ana jambo la kubishania hadi njia ya nyumbani.

Nyutoni kwa mpira wa tyubu

Kwa kani yenyewe, kifaa kiko kwa fundi baiskeli. Tyubu kuukuu hukatwa kuwa ukanda wenye upana wa sentimita moja na urefu wa sentimita 20 hivi. Ukining'iniza pakiti ya sukari ya nusu kilo, ukanda unavutwa kwa kani ya takriban nyutoni 5. Ukining'iniza kilo moja, takriban nyutoni 10. Kila mara alama inawekwa kwenye ubao ulio nyuma yake, na mizani imepatikana.

Lipo sharti moja ambalo mwalimu asilipuuze. Mpira haunyooki kwa kiasi kilekile kwa kila uzito unaoongezwa, kama springi nzuri inavyofanya. Kwa hiyo nafasi kati ya alama mbili haigawanywi kwa rula. Kila alama ipatikane kwa kuning'iniza uzito wake. Sharti hilo nalo ni somo zuri, kwani linamfundisha mtoto kukipima kipimo kabla ya kukiamini.

Mizani hiyo ikifungwa kwenye tofali na kuvutwa polepole juu ya sakafu ya saruji, kinachoonekana ni hiki: mpira unanyooka, unanyooka, tofali halijasogea, kisha linachomoka, na mpira unapungua kidogo wakati tofali linaendelea kuteleza. Kani ya kuanzisha ni kubwa kuliko ya kuendeleza. Likirudiwa juu ya mchanga, alama inapanda. Likirudiwa juu ya vijiti vya mviringo vilivyopangwa sambamba, inashuka mno, na hapo darasa lina jibu la kwa nini binadamu alihitaji gurudumu.

Mto, reli na barabara

Nje ya uzio wa shule, bonde lenyewe linafundisha kwa vitu vikubwa zaidi. Wandamba wamevua katika Mto Kilombero na vijito vyake kwa vizazi vingi. Mvuvi anapoukandamiza upondo kwenye tope kuelekea nyuma, ardhi humsukuma yeye na mtumbwi wake mbele. Mtoto anayeruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ukingoni huona mtumbwi ukirudi nyuma, na asipoangalia huishia majini. Ni kanuni ya tatu ya Newton, na watoto wa Kivukoni, kando ya mto, wameshaijua kwa kulowana.

Mto huohuo umeua. Kabla ya daraja, magari na watu wa Ulanga na Malinyi walivuka kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka kikiwa na abiria na magari. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, lilizinduliwa Mei 2018. Lakini mitumbwi haijaondoka mtoni, na kila msimu wa masika watu huvuka kwa vyombo vilivyojaa hadi ukingo. Mtoto aliyefundishwa kwa beseni na kopo kwamba chombo huzama kadiri mzigo unavyoongezeka, na kwamba mzigo ukikaa juu au upande mmoja hukiyumbisha, amepewa elimu inayoweza kumrudisha nyumbani salama.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, inakatiza bonde likiwa bado tambarare. Ifakara iko chini ya meta 300 kutoka usawa wa bahari. Makambako iko juu ya meta 1,600. Ikipita Mlimba, reli inaanza kuukwea ukingo wa nyanda za juu, na hapo ndipo wajenzi walipotoboa mahandaki mengi na kujenga madaraja marefu. Swali la darasani ni jepesi: kwa nini hawakupandisha moja kwa moja? Chukulia reli inapanda meta 1 kwa kila meta 50. Behewa la tani 50 litavutwa nyuma na uzito wake kwa kani inayolingana na uzito wa tani moja. Ukiongeza mwinuko mara mbili, kani hiyo nayo inakuwa mara mbili, na kichwa cha treni kinaweza kushindwa. Mahandaki na mizunguko ile ni bei iliyolipwa ili mteremko ubaki mdogo.

Kwenye ukingo huohuo, katika milima ya Udzungwa, mtambo wa umeme wa Kihansi unayashusha maji takriban meta 850 na una uwezo wa kuzalisha megawati 180. Shule ikipata nafasi ya kupeleka wanafunzi huko, isiiache.

Lakini somo lenye haraka zaidi liko kwenye lami. Bodaboda anayekwenda kilomita 30 kwa saa husafiri kama meta 8 katika sekunde moja ya kushtuka kabla hajakamata breki, kisha, barabara ikiwa kavu na breki nzima, huhitaji kama meta 6 nyingine kusimama. Akienda kilomita 60 kwa saa, meta 17 zinapita kabla ya breki, na kusimama kunahitaji kama meta 23. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali wa kufunga breki umeongezeka mara nne. Lami ikilowa, au tairi likiwa kipara, namba hizo zinakua. Vijana wa bodaboda waliopita kidato cha pili walifundishwa kanuni za mwendo. Kama zingefundishwa kwa mfano huu, wangezikumbuka kila wanapokaribia kivuko cha wanafunzi.

> Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga breki unaongezeka mara nne.

Hoja za walimu

Walimu wanaosita wana hoja za kusikilizwa. Kipindi ni dakika 40. Serikali ina mwongozo wa idadi ya wanafunzi kwa darasa, lakini madarasa mengi yamevuka hesabu hiyo kwa mbali. Mianzi mitano kwa darasa lililofurika maana yake ni watoto wengi kusimama nyuma na kuchungulia. Muhtasari lazima umalizike, na shule hupimwa kwa matokeo ya Baraza la Mitihani. Mtihani wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu, na haumuulizi mtoto kama aliwahi kuvuta tofali.

Hoja nyingine hutoka kwa wanaotetea maabara kamili. Wanahofu kwamba kusifu tyubu na gololi ni kuwapa wenye bajeti kisingizio cha kutonunua springi, mizani na saa za kupimia. Mtahiniwa wa kidato cha nne atakutana na mtihani wa vitendo wenye vifaa halisi. Akiwa hajawahi kuvishika, mwanzi hautamwokoa. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kufanya mtihani wa maandishi badala ya vitendo, na watoto wengi walimaliza sekondari bila kupima kitu chochote kwa mikono yao.

Hata hivyo hoja hizi mbili hazigongani na mwanzi. Maabara inahitajika kidato cha tatu na cha nne, pale usahihi wa kipimo unapokuwa ndiyo kazi yenyewe. Mtoto wa miaka 12 anahitaji kwanza kuona kwamba kani inapimika na mwendo una utaratibu. Kuhusu muda, jaribio la tofali linaweza kufanywa na vikundi nje ya darasa, kila kikundi na uso wake: saruji, mchanga, nyasi, vijiti. Namba zikirudi ubaoni, dakika 40 zinatosha kubishana. Somo likifundishwa hivyo mara moja halihitaji kurudiwa mara tatu kabla ya mtihani.

Swali la Mpemba

Watanzania wana sababu ya pekee ya kumsikiliza mwanafunzi anayeuliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aligundua wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba mchanganyiko wake uliokuwa wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Dk Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa amealikwa kuzungumza na wanafunzi. Osborne alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la fizikia, na jambo hilo likapewa jina la Mpemba duniani kote. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu lini hasa hutokea na kwa nini.

Kisa chenyewe ni cha joto, lakini kilichomfikisha pale kilikuwa kitu alichokishika kwa mkono jikoni na mtu mzima mmoja aliyekubali kujaribu. Mtoto wa Lumemo anayeuliza kwa nini tairi lenye upepo mdogo huchosha mwendesha baiskeli anastahili mtu mzima wa aina hiyo.

Januari 2028 haiko mbali

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, kati ya mengine, na elimu ya msingi inafupishwa kuwa miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka huo wanatarajiwa kumaliza la sita mwaka 2027, sambamba na kundi la mwisho la darasa la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028, na nusu yao watakuwa wadogo kwa mwaka mmoja kuliko waliowatangulia.

Kwa halmashauri za Ifakara na Mlimba, Ulanga na Malinyi, hiyo ni hesabu ya madawati, vyoo na walimu, na viongozi watahangaika nayo kwa haki. Lakini watoto hao watahitaji pia kufika sekondari wakiwa wameshapima kitu. Maofisa elimu wawape walimu wa sayansi siku ya pamoja kila muhula kutengeneza vifaa na kuvijaribu kabla ya kuvipeleka darasani. Wakuu wa shule wafungue milango ya maabara zilizofungwa kwa kuogopa kuvunja vifaa. Mafundi baiskeli wasitupe tyubu kuukuu, wazipeleke kwa shule iliyo jirani. Na mzazi ambaye mwanawe amemsaidia kusukuma gunia wiki hii amuulize swali moja tu wakifika nyumbani: pale kwenye mchanga, kwa nini ilikuwa vigumu kuondoka kuliko kuendelea?